Mwanamke wa Bukoba na Hesabu za Bomba



Somo letu la leo ni la hesabu. Usiogope. Hatutaanza na jedwali la kuzidisha. Tutaanza na mtu, na mtu huyo ndiye atakayetupeleka kwenye hesabu.

Darasa letu la kisomo hapa Pugu hukutana jioni, watu wakishatoka shambani na sokoni. Wengi ni akina mama. Mmoja wao anauza uji asubuhi, kando ya njia ya kwenda mnadani. Zamani alikuwa akiweka hesabu zake kichwani. Siku hizi anaziandika kwenye daftari: unga, sukari, mkaa, na vikombe alivyouza. Juzi daftari hilo lilimwokoa. Mwenye duka alimdai shilingi 2,000 zaidi ya deni lake. Mama akafungua daftari, akamwonyesha mstari kwa mstari. Yakaisha.

Siku moja mama huyu hakuondoka na wenzake. Alibaki nyuma, akanijia.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema tu, mama."

"Binti yangu amefaulu kidato cha nne. Amepangiwa kwenda kusoma fizikia, kemia na hesabu. Mwenyewe anataka sana. Lakini baba yake mkubwa hataki. Anasema hesabu kubwa kubwa si kazi ya mwanamke, zitamchanganya kichwa, mwisho atarudi nyumbani mikono mitupu. Eti bora aanze kushona nguo. Na nauli tunamtegemea yeye. Sasa mimi kusoma kwenyewe nimeanza juzi tu. Sijui nimjibu nini. Hebu niambie kweli, mwalimu. Yuko mwanamke wa hapa kwetu, Mwafrika kama mimi, aliyesoma hesabu mpaka mwisho?"

Nilimwambia, "Yuko, mama. Nitaandika habari zake, uzisome mwenyewe."

Basi habari zenyewe ni hizi.

ALIKOZALIWA

Jina lake ni Verdiana Grace Masanja. Kabla ya kuolewa aliitwa Verdiana Kashaga. Alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1954 huko Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria. Wakati ule nchi yetu iliitwa Tanganyika, nayo ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. Uhuru ulikuwa haujafika. Ulifika tarehe 9 Desemba 1961, naye akiwa mtoto wa miaka saba.

Bukoba ni nchi ya migomba na kahawa. Ni mbali na Pugu. Mtu akitoka huku kwenda huko anavuka karibu nchi nzima, toka bahari mpaka ziwa. Lakini msichana huyu alikuja kusoma karibu na sisi. Alisoma Shule ya Sekondari ya Wasichana Jangwani, hapa hapa Dar es Salaam.

Ninyi wa Pugu mnaujua mto Msimbazi. Mto huo unaanzia katika vilima vyetu hivi vya Pugu na Kisarawe. Unateremka, unapita bonde la Jangwani, kisha unaingia baharini. Yaani maji yanayotoka kwetu yanapita jirani na shule aliyosoma msichana yule. Kumbuka neno hilo la maji yanayopita. Tutalirudia, maana ndilo lililokuja kuwa kazi yake.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka huo Verdiana alitimiza miaka 16. Wakati wazee wetu wanashika kalamu kwa mara ya kwanza chini ya miembe, wasichana wachache kama yeye walikuwa wanapanda ngazi ya shule. Nasema wachache, maana ndivyo ilivyokuwa. Nafasi za sekondari zilikuwa haba kwa wote, na kwa wasichana zilikuwa haba zaidi. Na katika wasichana hao wachache, waliochagua hesabu walikuwa wachache tena.

LUGHA NNE, HESABU MOJA

Hapa simama kidogo, tufikiri.

Bukoba watu wanasema Kihaya. Dar es Salaam ni Kiswahili. Katika sekondari na chuo kikuu masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Na baadaye, kama tutakavyoona, mama huyu alikwenda kusoma Berlin, ambako watu wanasema Kijerumani. Hizo ni lugha nne. Je, alipobadilisha lugha alianza hesabu upya?

Hapana. Tano na tatu ni nane Bukoba, na ni nane Jangwani. Berlin pia ni nane. Wajerumani wakitaja 25 kwa mdomo huanza na tano, ndipo waseme ishirini. Lakini wakiiandika, huandika 25 kama wewe unavyoandika kwenye daftari lako.

Na tarakimu zenyewe, hizi 1, 2, 3 tunazoandika, asili yake ni India. Zikapita kwa Waarabu, ndipo zikafika Ulaya. Hata katika Kiswahili chetu, moja, mbili, tatu, nne na tano ni maneno ya Kibantu, lakini sita, saba na tisa tumeyapata kwa Waarabu. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba hesabu ni mali ya taifa fulani au kabila fulani. Kila mmoja ameazima kwa mwenzake.

CHUO KIKUU

Baada ya Jangwani, Verdiana aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache sana, wa sheria tu, katika jengo la mjini Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali ambapo leo tunapaita Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Verdiana alisoma hesabu na fizikia. Fizikia ni elimu ya vitu na nguvu: kwa nini jiwe linaanguka, kwa nini maji yanachemka, kwa nini umeme unapita kwenye waya. Mwaka 1976 alipata shahada ya kwanza. Hakuishia hapo. Alibaki pale pale chuoni akifundisha na huku akisoma, na mwaka 1981 akapata shahada ya pili.

Kwa shahada ya pili mwanafunzi hupewa jambo moja la kuchunguza, kisha huandika kitabu juu ya jambo hilo. Verdiana alichunguza nini? Alichunguza bomba. Alitaka kujua kwa hesabu jinsi kimiminika kisicho cha kawaida kinavyotiririka ndani ya bomba la duara, hasa pale kinapoanza safari yake, na kinavyobadilika kimiminika kikiongezwa kupitia ukuta wa bomba lenyewe.

Mama wa uji alipofika hapa aliniuliza, "Bomba tu, mwalimu? Bomba lina hesabu gani? Unafungua, maji yanatoka."

Ni swali zuri. Tulijibu pamoja, kwa hatua tatu.

HATUA YA KWANZA: JANI MTONI

Nenda mtoni siku ambayo maji yametulia. Usiende wakati wa mafuriko. Chukua majani mawili makavu. Moja litupe katikati ya mto, la pili litupe karibu na ukingo. Litazame linalotangulia.

Litatangulia la katikati. Kwa nini? Kwa sababu maji yaliyo karibu na ukingo yanashikwa na ukingo. Yaliyo mbali na ukingo yako huru zaidi.

Ndani ya bomba ni vivyo hivyo. Maji yanayogusa ukuta wa bomba hayaendi kabisa, yamekwama. Yanayofuata yanakwenda polepole. Ya katikati ndiyo yanayokimbia. Hivyo maji ndani ya bomba hayaendi kama fimbo moja iliyonyooka. Yanakwenda kama watu wanaopita katika mlango: wanaobanwa na mwimo wanachelewa, wa katikati wanapita.

HATUA YA PILI: BOMBA JEMBAMBA NA BOMBA NENE

Sasa chukua mabomba mawili yenye urefu sawa. La pili upana wa mdomo wake ni mara mbili ya la kwanza. Upana huo, toka ukingo mpaka ukingo kwa kupita katikati, tunauita kipenyo. Msukumo wa kuingiza maji ni ule ule. Je, bomba la pili litapitisha maji mara ngapi ya lile la kwanza?

Wengi katika darasa letu walisema mara mbili. Fundi mmoja wa mabomba alisema mara nne, kwa kuwa mdomo wa bomba la pili una eneo mara nne. Kuhusu eneo hakukosea. Lakini jibu zima si nne. Jibu ni 16.

Tazama:

2 × 2 = 4
4 × 2 = 8
8 × 2 = 16

Yaani mbili inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, zikiwa mbili nne. Kwa nini iwe nyingi hivyo? Kwa sababu bomba nene lina faida mbili. Kwanza lina nafasi kubwa zaidi, mara nne. Pili, ndani yake maji mengi yako mbali na ukuta, kwa hiyo mwendo wake nao ni mara nne. Nne mara nne ni 16.

Hesabu hii inafaa pale kimiminika kinapotiririka polepole bila kuvurugika. Maji yakikimbia kwa fujo hesabu inabadilika, wala hayafiki mara 16. Lakini kwa kitu kinachokwenda taratibu, ndivyo ilivyo.

Aliyeligundua jambo hili kwa kupima hakuwa fundi wa mabomba. Alikuwa daktari wa Ufaransa, jina lake Jean Poiseuille. Karibu na mwaka 1840 alipitisha maji katika vijibomba vyembamba sana vya kioo na kuyapima. Alitaka kujua damu inavyopita katika mishipa myembamba ya mwili. Fikiri basi. Mshipa ukipungua upana ukawa nusu, na moyo ukasukuma kwa nguvu ile ile, kinachopita hakiwi nusu. Kinakaribia kuwa sehemu moja ya 16. Ndiyo sababu mshipa ukiziba kidogo tu mtu anaumwa sana. Daktari asiyejua hesabu hii hawezi kulielewa gonjwa hilo vizuri.

HATUA YA TATU: UJI, ASALI NA DAMU

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kitu kitiifu. Maji ni matiifu. Mradi yanakwenda taratibu, ukiyasukuma mara mbili yanapita mara mbili. Asali nayo ni tiifu. Ni nzito, ndiyo, haina haraka. Lakini uzito wake haubadiliki ovyo. Uzito huo wa kutiririka wataalamu huuita mnato. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo.

Sasa viko vitu visivyo vitiifu. Hapo nilimwachia mama wa uji aeleze, maana yeye ndiye mtaalamu wetu.

Alisema hivi: "Uji ukiwa mzito, ukikoroga polepole unagoma. Mwiko unasimama. Lakini ukikaza mkono, ukakoroga kwa haraka, unalegea. Ukiuacha tena, unashika tena."

Ndivyo. Mnato wa uji unapungua unapousukuma kwa haraka. Rangi ya kupaka ukutani ni hivyo hivyo: chini ya brashi inalegea, ikishakaa ukutani haichuruziki. Damu nayo ni ya aina hiyo. Lakini wanga safi wa mahindi, ukiuchanganya na maji baridi kidogo, unafanya kinyume. Ukiingiza kidole polepole kinazama. Ukiupiga ngumi, unakuwa mgumu kama udongo mkavu. Jaribu nyumbani, watoto watafurahi.

Kwa vitu kama hivi, hesabu ya yule daktari wa Ufaransa haitoshi. Inabidi kutafuta hesabu nyingine, iliyo ngumu zaidi, kwa sababu mnato wenyewe haukai mahali pamoja. Hizo ndizo hesabu alizozishika Verdiana Masanja. Alianza nazo Dar es Salaam, akaendelea nazo Berlin.

Zina faida gani? Kiwanda cha rangi kinapitisha rangi katika mabomba. Kiwanda cha chakula kinapitisha vitu kama uji. Wanaotengeneza ndoo za plastiki wanapitisha plastiki iliyoyeyuka. Na tazama bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Njia yake ni kilomita 1,443, nayo inapita mkoa wa Kagera, mkoa ule ule wa Bukoba. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba hilo limebuniwa lipashwe joto njia nzima. Sisemi kwamba Profesa Masanja ndiye aliyelipigia hesabu bomba hilo. Nasema kwamba bila elimu ya namna aliyoisoma, mafuta yangeganda njiani, na fedha nyingi zingekwama humo.

BERLIN, NA SHAMBA LENYE KONA NYINGI

Kutoka Dar es Salaam mama huyu alikwenda Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Wakati ule mji wa Berlin ulikuwa umekatwa vipande viwili kwa ukuta. Ukuta huo ulijengwa mwaka 1961, ukafunguliwa mwaka 1989. Chuo chake kilikuwa upande wa magharibi. Huko alipata shahada nyingine ya fizikia, na katikati ya miaka ya 1980 akapata shahada ya udaktari.

Daktari huyu hatibu wagonjwa. Daktari wa elimu ni mtu aliyefika ngazi ya juu kabisa ya masomo yake, akaongeza jambo jipya ambalo wengine hawakulijua. Kwa shahada hiyo Verdiana Masanja akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hesabu. Kabla yake hakuwako.

Kazi aliyoifanya ilikuwa ya namna ambayo jibu lake halipatikani kwa mkato. Lazima ugawe tatizo vipande vidogo vidogo, upige hesabu kipande kimoja kimoja, kisha ujumlishe. Jambo hili unaweza kulifanya wewe mwenyewe shambani.

Chukua shamba lenye kona nyingi, halina umbo la mraba wala la duara. Utajuaje ukubwa wake? Lichore kwenye karatasi yenye miraba. Kila mraba mmoja ni hatua 10 kwa hatua 10 za shambani, yaani hatua za mraba 100. Sasa hesabu miraba. Iliyo ndani kabisa ya shamba, hesabu yote. Iliyokatwa na mpaka, kama zaidi ya nusu iko ndani, ihesabu kuwa moja. Kama chini ya nusu iko ndani, iache.

Mfano: miraba kamili ni 23. Iliyo ndani zaidi ya nusu ni 6. Iliyo ndani chini ya nusu ni 5.

23 + 6 = 29
29 × 100 = 2,900

Shamba lina hatua za mraba zipatazo 2,900. Unataka jibu la karibu zaidi? Tumia miraba midogo zaidi. Kazi itaongezeka, lakini kosa litapungua. Siri ndiyo hiyo. Mtaalamu naye hugawa bomba vipande vidogo sana, na kwa kuwa vipande ni vingi mno, huipa kompyuta kazi ya kujumlisha. Lakini kompyuta haijui kugawa yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuieleza: anza hapa, fanya hivi, malizia pale. Mtu huyo ndiye mwanahesabu.

ALIRUDI KUFUNDISHA

Wengine wakisoma mbali hawarudi. Verdiana Masanja alirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha miaka mingi, akawa profesa. Katika miaka ya 2000 alikwenda Rwanda, kufundisha na kusimamia kazi za uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Taifa. Nchi ile ilikuwa imepoteza walimu wengi katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na ilihitaji watu wa kuinua vyuo vyake. Baadaye akarudi nyumbani tena, akafundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kule Arusha.

Lakini liko jambo jingine alilolifanya, nalo linatuhusu sisi wazazi. Hakuridhika kuwa wa kwanza akakaa peke yake. Alishika kazi ya kuwavuta wasichana wasome hesabu na sayansi. Ameandika juu ya jambo hilo. Pia upo Umoja wa Wanahesabu wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1976 mjini Rabat, Morocco. Umoja huo una tume inayoshughulikia wanawake, na Profesa Masanja amekuwa mmoja wa viongozi wake kwa upande wa Afrika Mashariki.

Wala hayuko peke yake katika bara letu. Huko Nigeria, mama aitwaye Grace Alele-Williams alipata udaktari katika elimu ya kufundisha hesabu mwaka 1963, huko Chicago, Marekani. Baadaye akawa mkuu wa chuo kikuu. Mama mmoja magharibi ya Afrika, mwingine mashariki. Kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao.

TUJIFUNZE NINI

Kwanza, hesabu hupandwa kama ngazi. Mama huyu alianza na kuhesabu moja, mbili, tatu, kama wewe. Shahada ya kwanza 1976, ya pili 1981, kisha udaktari. Hakuruka ngazi hata moja, wala hakukaa kwenye ngazi moja akasema imetosha.

Pili, hesabu haikai mbali na maisha. Iko katika uji, katika damu na katika mto unaotoka kwenye vilima vyetu. Anayekoroga uji kila siku ameshaona jambo ambalo maprofesa wanaliandika vitabu. Tofauti ni kwamba profesa alilipima akaliandika.

Tatu, tuache kuwaambia watoto wa kike, "Hesabu si zako." Maneno hayo hayagharimu senti, lakini yanaziba njia kama takataka kwenye bomba. Siku hizi njia imepanuliwa. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa toka shule ya msingi mpaka kidato cha nne katika shule za serikali, na tangu mwaka 2022 imeondolewa kidato cha tano na cha sita. Tangu Novemba 2021 hata msichana aliyekatishwa masomo kwa kupata mtoto anaruhusiwa kurudi shuleni. Kizuizi cha ada kimeondoka. Kisibaki kizuizi cha mdomo wetu.

BABA MKUBWA ALISEMAJE

Mama wa uji aliichukua karatasi hii kabla haijachapwa. Nilitaka nimsindikize nyumbani kwa shemeji yake, nikamweleze mimi. Akakataa. "Nitamsomea mwenyewe," alisema. "Ndiyo sababu ya kusoma."

Kesho yake jioni alinipa habari. Alisoma polepole, mzee akisikiliza, binti amekaa mkekani. Walipofika penye mabomba mawili, mzee alinyoosha mkono.

"Ngoja. Hilo la pili litapitisha mara mbili."

"Hapana, shemeji."

"Basi mara nne."

"Hapana. Mwanangu, mweleze baba yako mkubwa."

Binti akachukua mkaa, akachora duara mbili sakafuni. Akamweleza habari ya maji yanayoshikwa na ukuta na yale ya katikati yanayokimbia. Akaandika mbili nne na kuzizidisha mpaka 16. Mzee alizitazama zile duara kwa muda. Kisha akauliza, "Na huyu mama wa Bukoba, ni Mhaya kweli? Siyo Mzungu?"

"Amezaliwa Bukoba. Amesoma Jangwani hapa."

Mzee akanyamaza tena. Mwisho akasema, "Nauli ya kwenda huko shuleni ni shilingi ngapi?"

Binti amekwishaondoka. Mama anaendelea na darasa. Wiki hii tumeanza kugawanya kwa tarakimu mbili.

MAANA YA MANENO

Kimiminika: kitu kinachotiririka, kama maji, mafuta au damu.
Kipenyo: upana wa duara kwa kupita katikati.
Mnato: uzito wa kutiririka; asali ina mnato mkubwa kuliko maji.
Msukumo: nguvu inayosogeza maji ndani ya bomba.
Shahada: cheti cha chuo kikuu.
Nta: mafuta yanayoganda, kama ya mshumaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Verdiana Masanja alizaliwa mwaka gani, na wapi?
2. Kwa nini jani la katikati ya mto linatangulia?
3. Uji na asali vyote ni vizito. Vinatofautianaje unapovikoroga?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, wasichana wanaambiwa nini juu ya hesabu? Nani anayewaambia? Mfanye nini?

MAZOEZI

1. Bomba linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 4. Litajaza pipa la lita 200 kwa dakika ngapi?

2. Mabomba mawili yana urefu sawa na msukumo sawa. Kipenyo cha la pili ni mara 3 ya la kwanza. Mafuta yanapita taratibu. La pili litapitisha mara ngapi?

3. Mama anapika lita 10 za uji. Kikombe kimoja ni robo lita, na bei yake ni shilingi 300. Gharama zake zote ni shilingi 7,500. Akiuza uji wote, atapata faida kiasi gani?

4. Chora shamba lako kwenye karatasi ya miraba, uhesabu kama tulivyofanya. Lete karatasi yako darasani.

MAJIBU

1. 200 ÷ 20 = 10. Halafu 10 × 4 = 40. Ni dakika 40.
2. 3 × 3 × 3 × 3 = 81. Mara 81.
3. Lita moja ina vikombe 4, kwa hiyo vikombe ni 40. 40 × 300 = 12,000. 12,000 − 7,500 = 4,500. Faida ni shilingi 4,500.
4. Jibu lako litalingana na shamba lako.

Ukikosea, usifute. Tafuta ulipokosea, ndipo uandike tena pembeni.